Watu Mia Sita Ndani ya Ofisi Tupu

Saa tano kasorobo asubuhi ya Jumatatu, programu ya Zulfa ilikufa tena.

Haikufa kwa kishindo, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Ilianza kuvuta miguu kama kawaida yake. Picha ya chumba cha Mjimwema ikachukua dakika nzima kufunguka. Mwanne, aliyekuwa akihudumia wateja, akagonga kioo cha kishkwambi kwa kidole mara moja, mara mbili, mara ya tatu akakigonga kama anayemwamsha mlevi, kisha kila kitu kikaganda. Mbele yake alikaa mwalimu mpya kutoka Mwanza, kapakata begi, kavaa sweta ambalo ungejua tu limenunuliwa jana, baada ya baridi ya Songea ya mwezi wa saba kumtia adabu.

"Subiri kidogo, mwalimu," Mwanne alimwambia. "Inawaza."

"Inawaza nini tangu saa ile?"

Zulfa alikuwa kwenye kona, kwenye kompyuta kubwa iliyolisha vile vishkwambi vyote vya ofisi. Alisikia kila neno na hakuinua uso. Alibonyeza kitufe cha kuzima, akahesabu mpaka kumi, akawasha upya. Ilikuwa mara ya pili kuiwasha siku hiyo. Mwalimu alikwisha kusimama, akaaga kwa adabu zote, akatoka.

Ofisi hiyo ilikuwa ya mzee Osmund, dalali wa vyumba na nyumba za kupanga. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, aliyeanza kazi hiyo kwa miguu na daftari, sasa ana vyumba mia tatu na ushee mjini kote. Mwezi wa saba ndio mwezi wake. Walimu, wauguzi, maafisa kilimo, kila aliyepangiwa kituo Songea anashuka stendi na mizigo yake, anauliza wapi atapata chumba chenye maji na choo cha ndani. Zulfa ndiye aliyemtengenezea programu ya kuwaonyesha watu hao vyumba kwa picha na video, wasizungushwe mji mzima juani kutafuta kitu wasichokitaka. Miezi ya kwanza mzee alimsifu kila kona. Sasa sifa zilikwisha kukauka.

"Mwanangu," alimwambia Jumatatu hiyohiyo, bila kukaa. "Nakupa mpaka Ijumaa. Ijumaa nataka ifanye kazi saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni, isizimwe hata mara moja. Ikishindikana, Jumatatu nawaita wale vijana wa Dar waje kufunga ya kwao. Sikuchukii. Lakini wateja wananicheka."

"Nimekuelewa, mzee."

Alielewa kuliko mzee alivyodhani. Osmund alikuwa mteja wake wa pekee. Kwa ajili ya kazi hii Zulfa alikataa nafasi ya kufundisha kompyuta shuleni, akagombana na nyumba nzima kule Tunduru, akapanga chumba Mjimwema na kujiita mtu wa kujiajiri. Kaka yake Mussa alikuwa na duka la pembejeo, na alikwisha kumtengea meza aje auze salfa ya mikorosho. Kila jioni alimtumia ujumbe ulewule: Vipi, unakuja lini? Programu ikishindwa Ijumaa, jibu la swali hilo lingekuwa Jumapili, kwa basi la asubuhi.

Ugonjwa wenyewe aliujua kwa jina. Kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa inajaa. Ndani ya programu, kitu chochote, iwe picha, mteja au chumba, hukaa kwenye kumbukumbu madhali kuna jina mahali fulani linalokishikilia. Jina la mwisho likiachia, kompyuta yenyewe inafagia. Lakini likibaki jina moja tu, limesahauliwa kwenye mstari ambao hata aliyeuandika haukumbuki, kitu hicho hakitoki. Ni kama kiti cha ukumbini kilichowekewa mtandio: mwenyewe haonekani, na hakuna anayethubutu kukikalia.

Basi kazi ilikuwa moja, kumtafuta mwenye mtandio. Mistari ya programu ilikuwa elfu kumi na moja.

Jumatatu mchana alizishuku picha. Alipekua kila mahali picha ilipofunguliwa, akahakikisha ukurasa ukifungwa jina linaachia. Alikuta sehemu mbili alizozembea, akazirekebisha, akajipongeza kwa chapati na chai. Jumanne saa tano na dakika kumi, programu ikaganda. Alikuwa amenunua dakika ishirini na tano.

Jumanne alivishuku vipima muda, vile vinavyoamka kila dakika kuhuisha orodha ya vyumba. Kipima muda kisipozimwa hukumbatia kila kilicho karibu nacho. Akavizima vyote visivyo na kazi. Jumatano saa tano na robo, ikaganda. Akamgeukia Mwanne.

"Da Mwanne, unafungua madirisha mangapi kwa wakati mmoja?"

"Moja."

"Moja kweli?"

"Mdogo wangu," Mwanne alisema, taratibu, kwa sauti ya mtu anayejizuia, "nina wateja saba wananitolea macho, halafu wewe unanihesabia madirisha. Moja."

Mwanne alikuwa mtu wa Tunduru kama yeye, mtu mzima wa miaka arobaini, mwenye ulimi mtamu uliompangishia mzee Osmund nusu ya vyumba vyake. Zulfa alimpenda. Siku hiyo alimchukia kwa dakika tano nzima, kwa sababu tu alikuwa karibu na hakuwa na kosa.

Lililokuwa linamtia wazimu hasa ni mambo mawili. La kwanza: nyumbani kwake Mjimwema, kwenye kompyuta yake ndogo, programu hiyohiyo ilikwenda kama maji. Aliiandalia wateja wa bandia, akawafungulia vyumba elfu mbili mfululizo, haikutikisika. Ofisini wateja thelathini tu waliiua. La pili lilikuwa baya zaidi. Kompyuta ikizimwa, kumbukumbu hufutika. Kila asubuhi ilipaswa kuamka nyeupe kama sahani iliyooshwa. Lakini mwezi wa tatu iliweza kwenda wiki nzima bila kuzimwa. Mwezi wa tano, siku mbili. Sasa haifiki adhuhuri. Kitu kinachofutwa kila siku kinawezaje kuongezeka kila siku? Alikaa na swali hilo kichwani mpaka kichwa kikamgonga. Alikula hakusikia ladha. Mussa alipotuma ujumbe wake wa jioni, Zulfa aliigeuza simu kifudifudi juu ya kitanda.

Alhamisi Mwanne alichelewa. Alimpeleka mama yake kliniki ya macho, akampigia Zulfa amsaidie kufungua ofisi. Saa mbili kasoro wateja wawili walikuwa tayari kwenye benchi la nje, wamejikunyata. Zulfa aliwaomba wasubiri, akaingia, akawasha kompyuta. Kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiitumia, alifanya jambo ambalo wiki nzima hakuwahi kulifanya kwa wakati huo: aliiamuru mashine impe orodha ya kila kilichomo kwenye kumbukumbu. Siku zote aliichukua orodha hiyo katikati ya kazi, wakati Mwanne amekwisha kuhudumia watu kadhaa, ili akutane na mwizi kazini, na macho yake yalikuwa kwenye picha na vipima muda tu.

Orodha ikaja. Zulfa akaisoma, akaisoma tena.

Wateja: 638.

Alitazama huku na huku ofisini. Viti vitupu, meza tupu, kalenda ukutani, ndoo ya maji na kikombe chake. Hakuna mtu aliyekwisha kuhudumiwa siku hiyo, na ndani ya mashine walikuwa wamejaa watu mia sita thelathini na wanane, kila mmoja na vyumba alivyoonyeshwa, kila chumba na picha na video zake.

"Mnafanya nini humu?" aliwauliza kwa sauti. Mmoja wa wale wa nje alichungulia mlangoni, akadhani anaitwa.

Akaanza kufuata. Chumba hiki kimeshikiliwa na nani? Na mteja. Mteja huyu ameshikiliwa na nani? Na orodha. Orodha ina jina? Inalo, tena jina alilolipa mwenyewe kwa mkono wake: wanaorudi.

Hapo Zulfa alishika tama. Mwezi wa tatu yote yakamrudia. Mzee Osmund alikaa palepale alipokaa yeye, akamwambia: "Mteja akisema atarudi, tusimpoteze. Akirudi asianze upya kama mgeni. Akute vyumba vyake wazi kama alivyoviacha. Na chumba chenyewe kiwe na alama, tujue kuna mtu wake." Zulfa akaandika. Kila mteja anapoondoka, dalali anagusa moja ya vitufe vitatu: Amechukua, Atarudi, Amekataa. Akigusa Atarudi, mteja anaingia kwenye orodha na chumba kinapata kidoa cha njano. Ili orodha isipotee umeme ukikatika, aliihifadhi kwenye diski, na kila asubuhi mashine ikiwaka inaipakia upya, watu wote, na picha zao zote. Kule nyumbani kwake hapakuwa na orodha. Ndiyo maana ilikwenda kama maji.

Kilichobaki ni kujua kwa nini hawatoki. Alihesabu. Kwa miezi minne na ushee, kitufe cha Amekataa kiliguswa mara kumi na moja.

Mwanne alipoingia saa tatu, alikuta Zulfa amesimama katikati ya ofisi kama askari wa mlangoni.

"Da Mwanne, watu mia sita! Miezi minne, na waliokataa ni kumi na mmoja?"

"Waliokataa?" Mwanne aliweka pochi chini. "Nani anakataa? Mtu anakwenda kuona chumba, mama mwenye nyumba amesimama mlangoni na khanga yake, amefagia, amefungua pazia. Wewe utamwambia sikitaki? Unasema kizuri, nitarudi."

"Hata kama paa linavuja."

"Hasa kama paa linavuja. Mwenyewe anajua linavuja, utamwongezea nini?"

"Sasa na wewe ulipoona harudi, kwa nini hukubonyeza Amekataa?"

"Kwa sababu hakukataa!"

Zulfa alicheka kicheko kisicho na furaha. Ni kweli, hakuna aliyekataa. Yeye mwenyewe, mtoto wa Tunduru, aliyekulia humuhumu kwenye adabu hizi, aliandika programu inayosubiri watu wa Songea wamwambie dalali hapana kwa mdomo wao. Angesubiri mpaka kiyama. Wiki nzima amezisumbua picha zisizo na hatia.

Palikuwa na njia ya kiungwana ya kuirekebisha. Orodha ibaki, ila ishike jina la mtu na namba ya chumba tu, picha zisipakiwe mpaka mwenyewe arudi kweli. Lakini programu nzima ilijengwa kwa kudhani picha zipo hapohapo. Ilikuwa kazi ya siku tatu, lisipotokea jipya, na yeye alikuwa na moja. Na palikuwa na njia ya mkato: mistari minne. Futa orodha, watoke wote. Na kuanzia leo anayesema atarudi asishikiliwe popote.

Akaanza kuandika ile mistari minne.

"Unafanya nini?" Mwanne aliuliza.

"Nawatoa."

"Wote?"

"Wote."

"Mdogo wangu, wengine wanarudi kweli."

"Nani? Nitajie mmoja."

Mwanne aliinua kidole kuhesabu, akakishusha. Vyumba mia tatu, watu mia sita. Alikwisha kuacha kukariri sura, kazi hiyo alikiachia kile kishkwambi na vidoa vyake vya njano.

"Huna," Zulfa alisema, na alikuwa na hasira za siku nne nyuma ya neno hilo. Akabonyeza. Vidoa vya njano vikatoweka vyote kwa pamoja, kwenye kila kioo.

Ijumaa iliamka na ukungu. Saa mbili kamili Zulfa aliwasha kompyuta mbele ya mzee Osmund, aliyekuja na koti zito na kiti chake mwenyewe, akakaa. Saa nne programu ilikuwa nyepesi. Saa tano kasorobo, saa yake ya kufa, ilipita salama. Saa tano na nusu picha zilifunguka kama ukurasa wa gazeti, na Mwanne akampangisha mwalimu mmoja aitwaye Polikarp chumba cha Mjimwema chenye jiko lake, mwalimu akachukua papo hapo, hata hakusema atarudi. Saa saba, saa nane, saa tisa. Kumbukumbu ilipanda kidogo, ikashuka, ikapanda, ikashuka. Zulfa aliitazama kwa raha ambayo hakuwahi kuisikia tangu aanze kazi hiyo. Alifikiria ujumbe atakaomtumia Mussa. Alitaka uwe mfupi na wa kuudhi.

Saa kumi kasoro dakika chache mzee Osmund alisimama, akanyoosha mgongo.

"Umeniweza," alisema. "Ngoja niwapigie hao wa Dar niwaambie wasihangaike." Akatoa simu.

Bajaji ilisimama nje. Akashuka mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwembamba, vumbi la safari limemkaa mpaka kwenye kope, akaanza kushusha godoro lililokunjwa na kufungwa kamba, ndoo mbili, begi, na jiko la gesi. Aliviweka barazani kwa mpangilio kama mtu aliyefika kwake. Kisha akaingia.

"Shikamoo mzee. Habari za kazi, dada." Alikuwa anatabasamu. "Barua ya uhamisho imetoka. Nimekuja na kila kitu kabisa."

"Marahaba, mama," Osmund alijibu, hajamkumbuka.

"Evaline. Muuguzi, wa zahanati kule Namasakata. Mwezi wa tano nilikuja kuona chumba cha Mjimwema, kile chenye jiko. Mlisema kitanisubiri."

Mwanne alisimama polepole. Uso ulimbadilika, maana sasa alimkumbuka, sasa ambapo haikusaidia kitu. "Mama mwenye nyumba," alisema kwa sauti ndogo, "wiki saba alikuwa anawakatalia watu. Kila nikimpigia ananiambia, kina mtu wake, mlisema wenyewe. Leo nikamwambia hakina mtu tena."

"Ndiyo," Evaline alisema. "Ni mimi."

Mzee Osmund aliwatazama wote wawili. Halafu akamgeukia Mwanne, na sauti yake haikuwa tena ya mtu aliyefurahi. "Si ndicho ulichompa mwalimu leo? Kina kidoa, ukampa mtu mwingine?"

Mwanne alimtazama Zulfa mara moja tu, kwa kupita, kisha akainamisha macho kwenye kishkwambi. Zulfa alielewa kwamba Mwanne hatasema. Atabeba yeye, atakaripiwa, na kesho atakuja kazini. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika mbili na programu ilikuwa bado inakwenda.

"Hakikuwa na kidoa," Zulfa alisema. "Nilivitoa mimi jana. Vyote."

"Vya nani?"

"Vya wote waliosema watarudi. Walikuwa wameijaza mashine. Da Mwanne alinionya."

Osmund alitazama kompyuta iliyofanya kazi siku nzima bila kuzimwa, akatazama mizigo barazani. "Kumbe ndiyo maana haikuganda," alisema.

"Ndiyo, mzee."

Simu aliyoishika ili awaambie wale wa Dar wasije, aliirudisha kwenye mfuko wa koti. Hakumfokea. Zulfa angependa amfokee.

Evaline alikuwa bado hajakaa. Alielewa nusu ya maneno hayo, lakini nusu aliyoielewa ilitosha. Tabasamu lilikwisha. Alimtazama Zulfa bila ukali, kama mtu anayetaka tu kujua.

"Dada, kwani mimi nilikuwa nachukua nafasi kubwa?"

Zulfa aliijua hesabu. Katika mia sita thelathini na wanane kulikuwa na waliotembezwa vyumba ishirini, arobaini, na video zake, ambao hawatarudi kamwe. Ndio walioiua mashine. Na kulikuwa na wachache mno waliokuja, wakaona chumba kimoja, wakakipenda, wakasema nitarudi.

"Hapana," alisema. "Ulikuwa na chumba kimoja na picha tatu."

Evaline aliitikia kwa kichwa, akatoka barazani, akaanza kulifunga upya godoro lake, kwa kuwa kamba ilikuwa imelegea.